Amani Ambayo Sikuiona

Mpendwa Bi Rayhana,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana najua wewe ni Mwislamu wa hapa hapa mjini Gisenyi na pengine utajiuliza huyu mama mlokole ameishiwa na watu kiasi gani mpaka anakuja kukulilia wewe mambo ya kanisa lake, lakini ndivyo ilivyo, nimeishiwa, kwa sababu kila mtu ambaye ningemwendea na jambo hili ni mtu ambaye huwa ananijia mimi nimwombee.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, nilirudi Rwanda kutoka Karagwe nikiwa msichana, ninakaa Rugerero, ninanunua karoti na kabichi kwa wakulima na kuzivusha Goma kupitia mpaka mdogo, na kanisani kwetu mimi ni mmoja wa akina mama wa chumba cha maombi. Kwa asiyejua, kwetu mtu mwenye jambo zito, awe anatafuta kazi au mtoto au anataka kuoa, analileta kwenye chumba hicho, halafu mama mmoja anaambiwa "libebe," maana yake afunge siku tatu akiliombea hilo tu, kisha arudi aseme ameonyeshwa nini. Asipoonyeshwa kitu anatakiwa aseme hajaonyeshwa. Hiyo ndiyo sheria, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiitumia, na mimi mwenyewe sijawahi kuitumia.

Sasa nikuambie ambalo hata mume wangu halijui, naye ni shemasi. Mimi siombi. Si kwamba nimeacha kwenda, ninaenda, ninapiga magoti, ninafumba macho, mdomo unatembea, lakini moyoni nimo sokoni, nawaza kama mvua imeharibu barabara ya kutoka shambani, namuwaza mteja wangu mmoja wa Goma anayependa karoti ndogo ndogo, na nikisikia nyayo za mtu mlangoni ninapandisha sauti. Naona aibu kuandika hilo la nyayo lakini nimeamua kusema yote. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Nilipookoka nilikuwa naomba mpaka najisahau, na ndiyo sababu waliniingiza kwenye chumba kile, halafu jina likakua, watu wakawa wanasema ukitaka jibu nenda kwa yule mama wa Rugerero, na kadiri jina lilivyokua ndivyo maombi yalivyokauka, kwa sababu watu walinisifu hata zile siku ambazo sikuomba, na majibu yangu yalikuwa yanatokea kuwa sawa, maana ukimwambia mtu "vumilia, Mungu yuko kazini," utakosea wapi?

Nina rafiki yangu, Uwamariya, yeye alizaliwa Goma na mpaka leo tukiwa wawili tunaongea Kiswahili. Ana binti mmoja, Cyuzuzo, fundi cherehani hapa mjini, msichana mtulivu, mkono wake mzuri hadi wake za maofisa wanamletea vitambaa. Cyuzuzo alipata mchumba, Ndayisaba, kijana wa kanisani kwetu, anafanya kazi kwenye hoteli moja kando ya ziwa, hanywi, hana neno baya na mtu, na wazazi wa pande zote mbili walifurahi sana. Ni Cyuzuzo mwenyewe aliyesema subirini kwanza, jambo hili liombewe. Uwamariya akalileta chumbani, na mimi nikaambiwa nilibebe.

Bi Rayhana, sikulibeba. Wiki ile karoti zilikuwa zimejaa kila mahali, bei inashuka, mimi mbio mbio. Siku ya kwanza ya kufunga nilikunywa chai na mandazi pale mpakani, siku ya pili nilikula ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nyumbani kwa huyo mteja wangu wa Goma, na ya tatu sikukumbuka hata kama nimefunga. Baada ya hapo Uwamariya akanikuta barabarani ninapakia magunia kwenye pikapu, dereva anapiga honi kwamba foleni ya mpakani itatushinda, naye akanisogelea taratibu akauliza, "Maman, ile jambo ya mutoto, uliona nini?" Nilikuwa nimesahau hata jina la kijana. Nikamshika mkono, nikafumba macho kidogo, nikamwambia, "Nimeona amani. Endeleeni." Akalia kwa furaha pale pale kando ya gari, na mimi nikapanda mbele kwa dereva, na njia nzima nilikuwa nawaza kabichi.

Jumapili yake Uwamariya alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amejibu. Kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi, mimi nikainamisha kichwa kwa sababu sikujua niangalie wapi, na baadaye mama mmoja akaniambia alivyoguswa na unyenyekevu wangu. Hata Ndayisaba mwenyewe alikuja nyumbani kunishukuru. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi, akasema, "Maman, mi niliogopa sana. Nilijua Mungu atasema hapana. Cyuzuzo iko musichana wa juu kuliko mi." Nilimpa fanta nikamwambia Mungu haangalii hayo.

Toka hapo mambo yamekwenda haraka. Familia ya kijana wameshafika kuchukua irembo, ule ugeni wa kwanza wa kubisha hodi, na siku ya kuposa na kutoa ng'ombe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, mahema yameshakodiwa, ndugu wa Kigali wameshaambiwa, na mimi nimeombwa niwe marraine, mama wa kumsimamia bibi harusi. Nikakubali. Nilijiambia, si unaona mambo yanavyonyooka, labda Mungu alisema kupitia mdomo wangu hata kama sikumuuliza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kibanda cha Cyuzuzo anipime mushanana, vazi letu la sherehe, wa siku hiyo. Tulikuwa peke yetu. Alikuwa nyuma yangu akipima bega, ndiyo maana sikuuona uso wake alipouliza, "Maman, naweza kukuuliza kitu? Wakati uliona ile amani, ilikuwa namna gani?"

Nikamwambia ilikuwa amani tu, imetulia.

Akapima bega la pili. Halafu akasema, "Sababu mi, hapa ndani ya roho, amani haiko. Ninaitafuta, siioni. Ndayisaba ni mutu muzuri, sina kitu ya kumusema. Lakini mi nilikuwa nimeshaamua kukatala. Siku mama alikuja na jibu yako, ndiyo siku nilikuwa nimejipanga kumuambia hapana."

Nikamuuliza, "Na mbona hukumwambia?"

Akazunguka akasimama mbele yangu akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Bon, ningesema nini, Maman? Ndayisaba naweza kumukatala. Mungu nitamukatala namna gani? Sasa ninafanya kuomba tu anipe hiyo amani yenye alikuonyesha wewe. Labda imani yangu ni kidogo."

Bi Rayhana, nilitakiwa niseme pale pale. Nilifungua mdomo niseme, na kilichotoka ni, "Mungu ni mwema, mwanangu." Naye akaitikia, "Wakati wote," kama tunavyoitikia kanisani, akarudi kwenye kipimo chake.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nimefikiria njia moja, na ndiyo hasa nataka uniambie kama inafaa. Naweza kurudi kwa Uwamariya nikamwambia nimeonyeshwa tena, safari hii nimeona wingu, Mungu anasema tusimamishe. Wataniamini. Binti atapumua, posa itasimama bila ugomvi wa familia, mimi sitaaibika wala mume wangu hataaibika, na chumba cha maombi hakitachafuka, maana nikisema ukweli halitavunjika jina langu tu, watu wataanza kuwatazama na wale akina mama wengine, na wengine wao huenda wanaomba kweli. Najua huo ni uongo, lakini ni uongo unaorekebisha ule wa kwanza, na mwisho wake ni mwema.

Na swali la pili, ambalo linanitisha zaidi. Mtu kama mimi, ninayeimba, ninayeshuhudia, ninayewekea watu mikono, na ndani hakuna kitu, mimi ni Mkristo au ni nini? Juzi nilijaribu kuliombea hili jambo, nikapiga magoti chumbani kwangu mlango umefungwa, na hata hapo nikajikuta nasikiliza kama kuna mtu anapita nje.

Ni mimi mama wa chumba cha maombi, Rugerero. Jina langu naomba libaki kwako.

*

Mama wa Rugerero,

Sikukucheka. Nilicheka mara moja tu, pale kwenye nyayo za mlangoni, na hapo sikukucheka wewe peke yako, kwa sababu mimi pia mgeni akiingia ukumbini nikiwa juu ya mswala, sijda yangu huwa ndefu kidogo.

Umeniandikia kwa kuwa siji kanisani kwenu. Sawa. Babu yangu aliuza vitambaa katika mji huu, nimekua nikisikia adhana upande huu na kwaya zenu upande ule, na sitajifanya mwalimu wa dini yako leo. Jambo lako halihitaji mwalimu wa dini. Linahitaji mtu wa kukuambia inuka uvae viatu.

Kwanza, pole. Nasema pole ya kweli. Kuwa mtu ambaye wote wanamwegemea huku ndani umekauka ni upweke mbaya sana, na nadhani hakuna aliyewahi kukupa pole hiyo kwa kuwa hakuna aliyejua. Umeipata. Sasa tugombane.

Mandazi ya mpakani hayanihusu. Kufunga au kutofunga ni kati yako na Mola wako, na hakuna aliyeumia kwa sababu ulikula sambaza. Lakini ulipomshika Uwamariya mkono ukafumba macho yale "kidogo," hapo ulitoka kwenye uvivu ukaingia mahali pengine. Mvivu angesema, "Nisamehe, dada, sijaliombea bado." Dereva angepiga honi, angekasirika, mngechelewa foleni, basi. Wewe ulikuwa na haraka ya karoti, ukaona njia ya mkato ni kumpakia Mungu naye kwenye pikapu.

Halafu lile wingu lako. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kuchemsha chai, maana ningekujibu kwa hasira ungekoma. Ulisema uongo kwa jina la Mungu, na dawa uliyoipata ni kusema mwingine kwa jina lile lile! Yewe, mama! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, wewe unataka kuirefusha kwa kuiwekea lami.

Tena hebu fikiri mbele kidogo. Umemsifu Ndayisaba vizuri, umempa na fanta, kisha kwenye huo mpango wako umemsahau kabisa. Siku utakayosema umeona wingu, kijana huyo atakuwa nani hapa wilayani Rubavu? Msichana akikukataa unaumia, mama yako anakupikia unachopenda, muda unapita, unaoa kwingine. Lakini Mungu akikukataa, tena kupitia mama mwenye jina, nani atakupa binti yake? Watu wataanza kutafuta hilo wingu limetoka wapi. Watasema pengine anakunywa kwa siri, pengine ana mtoto Goma. Na alikuambia mwenyewe, kofia mkononi, kwamba alikuwa anaogopa Mungu atamkataa. Utamtimizia hofu yake hiyo ili wewe uendelee kukaa viti vya mbele?

Na Cyuzuzo, unasema atapumua. Hatapumua. Atakuwa ametolewa kwenye ndoa na mdomo ule ule uliomwingiza, na shauri lake lijalo atakuletea tena wewe, ukiona jua ataolewa, ukiona wingu atabaki. Hebu soma tena alichokuambia, maana nadhani uliandika bila kukisikia. Msichana anaitafuta amani, haioni, na anadhani kasoro ni yake. Anajihesabu kuwa mtu wa imani haba kwa sababu haoni kitu ambacho wewe hukukiona. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Kumharakisha mtu aolewe ni kosa, lakini kumfanya aombe kila siku mbele ya mlango uliouchora wewe ukutani, huku akijilaumu kwamba haufunguki, hilo ni kubwa zaidi, na ndilo linalokukaa kooni ukashindwa kumeza chakula. Koo lako lina akili kukushinda.

Kwetu sisi mtu mwenye shauri zito kama la ndoa ana sala yake, istikhara, rakaa mbili na dua, na anaisali mwenyewe. Anaweza kutaka ushauri wa wakubwa, anaweza kuwaambia watu wamwombee, lakini anayeinama ni yeye. Sikuambii hivi kukuvuta upande wetu, shemasi wako asije akanifuata mpaka dukani kwangu. Nakuambia kwa sababu katika barua nzima, katika watu wote mliolibeba jambo hilo na kulipigia makofi, sikuona hata mmoja aliyemuuliza Cyuzuzo yeye anaona nini. Na alikuwa ameshaona. Ni wewe uliyemfanya asiamini macho yake.

Swali lako la pili, kama wewe ni Mkristo au ni nini. Sijui. Na hata ningejua nisingekuambia. Ukitaka mimi Rayhana nikuambie Mungu anakuonaje, unanigeuza na mimi kuwa mama wa chumba cha maombi, na kazi hiyo sina kipaji nayo. Nenda kamuulize mwenyewe. Nitakuambia tu nilichokiona kwenye karatasi. Umeniandikia kurasa nzima bila kujipamba, umesema la nyayo, umesema la fanta, umesema hata ulivyosifiwa unyenyekevu ukiwa umeinamisha kichwa kwa aibu. Hukupandisha sauti popote. Basi hayo hayo, kwa maneno hayo hayo, mwambie huyo unayesema umeshindwa kuongea naye. Mimi ni mtu wa nje, lakini sidhani kama anahitaji uimbe kwanza.

Sasa la kufanya, na unisikilize. Usingoje hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wala usingoje Jumapili upate kulisema kwa ushuhuda mzuri wenye kwaya nyuma yake. Leo. Mwambie mteja wako wa Goma karoti zake zitachelewa. Nenda kwa Cyuzuzo kwanza, kabla ya mama yake na kabla ya mchungaji, kwa sababu ni yeye uliyemfunga. Mwambie, "Nilikudanganya. Sikufunga, sikuomba, sikuona kitu. Nilikuwa na haraka." Usiseme Shetani alikupitia. Shetani ana makosa yake mengi, hilo usimwongezee. Na usilie kabla yake, maana ukilia ataanza kukubembeleza, mwisho utatoka pale wewe ndiye uliyefarijiwa.

Usimwambie amwache Ndayisaba, wala usimwambie aolewe naye. Mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha kwenye ndoa hiyo. Huenda akarudi nyumbani akakaa, akajiuliza kwa akili yake na kwa sala yake, akamkubali kijana, na hiyo itakuwa harusi nzuri kuliko hii mnayoiandaa. Huenda akasema hapana, mahema yatarudi yalikokodiwa, ndugu wa Kigali watanuna, watu wa mji watasema mpaka wapate kingine cha kusema. Na akisema hapana, uende wewe mwenyewe kwa Ndayisaba umwambie kwamba Mungu hakuhusika, si kwenye ile ndiyo ya kwanza wala kwenye hii hapana. Asije akatembea mjini akidhani mbingu zimemfungia.

Kisha Uwamariya. Alisimama mbele ya kanisa akashuhudia neno lako, kwa hiyo aibu yake itakuwa kubwa kama yako, na hakufanya kosa lolote. Atakasirika. Muache akasirike, usimwambie "samehe, sisi ni wapendwa." Msamaha hauombwi kwa kumkumbusha mtu kwamba ni wajibu wake. Umarraine mrudishie, na akija kukutaka tena huku akijua kila kitu, ukubali haraka.

Mume wako umwambie usiku huu huu, asije akalisikia sokoni. Chumba cha maombi nacho, simama uwaambie wenzako ulichofanya, uwaombe upumzike kubeba mambo ya watu. Unahofia chumba kitachafuka. Mimi naona mna sheria nzuri sana, asiyeonyeshwa aseme hajaonyeshwa, na sitashangaa kama mle ndani wapo wengine wanaongoja tu mtu wa kwanza wa kuitumia. Kama wapo wanaoomba kweli, ukweli wako hautawatikisa.

Kuna jambo moja litatokea, na nataka ulitegemee. Ukishamaliza kukiri pale kwenye kibanda, Cyuzuzo atakuuliza, "Sasa, Maman, Mungu anasema nini?" Amezoea kukuuliza, wote mmezoea. Na mdomo wako una mazoea yake, neno tamu litakuwa limeshafika kwenye ulimi. Lizuie. Mwambie, "Sijui, mwanangu." Usiongeze kitu. Usimwambie Mungu ni mwema. Kaa naye hapo, hata kama ni vigumu, hata kama mteja ataingia na kitambaa chake. Utaona aibu, na yeye ataumia. Lakini itakuwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi, umemwambia mtu jambo la kweli kuhusu Mungu.

Bi Rayhana